Nilivyokuwa Nikimpima Mungu kwa Machozi

Wakristo wengi niliokuwa nao wakisema "leo uwepo wa Bwana ulishuka", kila mmoja anaelewa kilichotokea: watu walilia, wengine walianguka, kiongozi wa sifa alishindwa kuendelea kuimba, na ibada iliyopangwa kumalizika saa sita ikaenda hadi saa nane mchana. Nimeshiriki ibada za namna hiyo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, nyingine nikiziongoza kwa sauti yangu mwenyewe, na sina nia ya kuzibeza. Ninaandika kwa sababu kilifika kipindi ambapo yote hayo yalinikauka, nikatumia fedha, afya na usingizi kuyatafuta upya, na katika kuyatafuta nikapewa ushauri mwingi ambao nisingependa mtu mwingine aupokee bila kuupima.

Maandiko yanazungumzia kuwapo kwa Mungu kwa namna zaidi ya moja, na shida yangu kubwa ilitokana na kuzichanganya. Zaburi ya 139 inauliza mtu aende wapi ili aukimbie uso wa Mungu, na jibu lake ni kwamba mahali hapo hapapo, mbinguni wala kuzimu. Huko ni kuwapo kusikotegemea kama mtu yuko kanisani au yuko baa. Kuna kuwapo kulikoahidiwa kwa watu wanaokusanyika kwa jina la Kristo, wawili au watatu, kama ilivyoandikwa katika Mathayo 18:20, na ahadi hiyo haikuwekewa sharti la machozi. Halafu kuna kuhisi, yaani ile hali ya moyo kujaa na nafsi kutulia, ambayo hutolewa na kuondolewa pasipo maelezo. Wale wanafunzi wawili wa Emau, katika Luka 24, walimtambua Yesu alipoumega mkate, na papo hapo akatoweka mbele yao. Hatusomi kwamba mtu aliwaambia wamepoteza upako.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, katika nyumba ya Waanglikana wa tangu enzi za babu. Injili ni ya siku nyingi katika nchi ya Wagogo: wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Kanisa letu lilikuwa na kuta za matofali mabichi na paa la bati. Tulisali kwa Kitabu cha Sala, na baada ya mahubiri akina mama walibana ngoma za muheme katikati ya magoti yao wakaimba nyimbo za Kigogo kwa sauti nyingi zinazopishana, huku zeze likilia pembeni. Habari ya kuhisi au kutohisi haikuzungumzwa hata siku moja. Watu walisema wanakwenda kusali, wakasali, wakarudi kuchunga na kulima.

Shule ya sekondari ndiyo iliyonifungulia dunia nyingine kupitia UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, na chuo kikuu jijini Dar es Salaam kikaimalizia. Mwaka wa pili, katika mkesha uliofanyika kwenye ukumbi wa mihadhara, nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma, nimechoka, nikingoja daladala za alfajiri zianze ili niondoke. Watu walikuwa wakiimba taratibu. Ghafla nilijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba Mungu yupo mle ndani na kwamba ananifahamu, pamoja na lile jambo nililomtendea dada yangu mkubwa kuhusu fedha za ada ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nililia hadi kanga niliyojifunika ikalowa. Kulipopambazuka nilimpigia dada simu nikamweleza yote, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua, mdogo wangu. Nilikuwa nakusubiri." Sijapata sababu ya kutilia shaka usiku ule. Mtu akiniambia ulikuwa uchovu na muziki tu, nitamwuliza ni muziki gani unaolipa deni la ada.

Tatizo lilikuja baadaye, pale usiku ule ulipogeuka kuwa kipimo. Kila ibada niliilinganisha nao. Iliyonitoa machozi niliiita ibada, na isiyonitoa machozi niliiita dini. Nilipowaona wazee wa kijijini wakisoma sala zao kutoka kitabuni niliwahurumia, na kwa bahati mbaya niliwahi kumwambia mama yangu hivyo mbele ya wageni.

Mwaka 2017 nilihamia Dodoma pamoja na maelfu ya watumishi wa umma, serikali ilipokuwa ikihamishia wizara zake makao makuu. Nilijiunga na kanisa changa la kipentekoste lililokuwa likisalia katika turubai kubwa, na baada ya muda mfupi nikawa miongoni mwa waimbaji wa kikosi cha sifa. Nililipenda kanisa lile na bado ninalipenda. Wachungaji wake ni watu wanaoomba kweli, na nilipofiwa ndio waliokodi gari la kwenda msibani.

Mama alifariki kwa kiharusi mwaka 2019, mwishoni mwa kiangazi. Tulimzika, tukakaa matanga, nikarudi kazini na kanisani. Jumapili niliyorudi madhabahuni niliimba vizuri kuliko kawaida. Watu waliniambia hivyo. Walilia, nami nikawatazama walivyokuwa wakilia, nikajikuta nawaza kwamba ubeti unaofuata ndio wa kupandisha ufunguo. Ndani yangu hapakuwa na kitu. Sikuwa na hasira wala mashaka, ambavyo angalau vingekuwa kitu cha kupigana nacho. Hali hiyo iliendelea mvua za kwanza zikaja, zikaisha, zikaja tena.

Hapa ni lazima niseme jambo kuhusu muziki, kwa sababu aliyewahi kukaa upande wa vyombo anajua mambo ambayo aliyekaa kwenye kiti hayajui. Jumamosi kwenye mazoezi tulikubaliana kila kitu. Wimbo wa kasi utangulie ili watu wachangamke na waliochelewa wapate viti. Kisha mpiga kinanda ashike sauti ndefu, nyororo, chini ya maombi, ngoma zinyamaze, kibwagizo kirudiwe kwa sauti ya chini hadi kanisa zima likishike, halafu tupandishe ufunguo nusu sauti na ngoma zirudi kwa kishindo. Fundi mitambo alijua ni mahali gani aongeze mwangwi kwenye kipaza sauti changu. Na karibu kila mara, ufunguo ulipopanda, mikono iliinuka. Mwili wa binadamu hutikiswa na muziki harusini, uwanjani na kwenye mikutano ya kampeni, na mwili huohuo ndio tunaokwenda nao kanisani.

Hilo peke yake si hila. Elisha alipotakiwa kutoa neno la BWANA aliagiza kwanza aletewe mpiga kinanda, na mpiga kinanda alipopiga, mkono wa BWANA ukamjia, kama inavyosimulia 2 Wafalme 3. Daudi aliwaweka waimbaji na wapiga vinubi mbele ya sanduku la agano. Wale akina mama wa muheme kijijini kwetu wanajua vyema kuliko mimi jinsi ngoma inavyomwinua mtu kutoka kwenye benchi, ila sijamsikia hata mmoja akisema kwamba ngoma ndiyo Roho Mtakatifu. Sisi mjini hatukusema hivyo kwa midomo, lakini tulipanga ibada kana kwamba ndivyo. Kwa kuwa nilizijua ngazi zote za kupandia, nilipofika juu nikakuta patupu sikuwa na mahali pengine pa kutafuta.

Nilianza kuomba ushauri, na ushauri haukukosekana. Mmoja aliniambia nina dhambi niliyoificha. Nilijichunguza usiku kucha nikiandika kwenye daftari makosa ya tangu shule ya msingi, nikayatubu moja baada ya jingine, na asubuhi nilikuwa vilevile, ila nimechelewa kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali. Mwingine alisema ni laana ya ukoo upande wa mama, kwa sababu hali ilianza alipokufa. Neno hilo liliniumiza kuliko yote, maana lilinifanya niogope kumkumbuka mama yangu. Wa tatu alikuwa mhubiri mgeni aliyefanya semina jijini. Yeye alisema mbingu zangu zimefungwa na zinahitaji sadaka ya kuzifungua, tena iwe sadaka inayouma.

Sadaka hiyo ilikuwa shilingi laki sita. Sikuwa nayo. Nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama wa mtaani, nikawaambia ni kwa ajili ya kumalizia choo cha nyumba ninayojenga. Marejesho yalinishinda mapema, na wenzangu ambao ni wauza mboga na mama lishe wakabaki wakisubiri fedha zao nami nikiwa mfanyakazi wa serikali. Mhubiri aliondoka Dodoma semina ilipokwisha. Nasema wazi kwamba hakuniibia, maana nilitoa kwa hiari yangu mbele ya watu. Lakini yeyote anayekuambia kwamba kuwapo kwa Mungu kunafunguliwa kwa kiasi fulani cha fedha anapaswa kusomewa habari za Simoni katika Matendo 8, aliyedhani kwamba karama ya Mungu yapatikana kwa mali, na jinsi Petro alivyomjibu. Toa sadaka kwa shukrani, toa kwa ajili ya maskini na kazi ya kanisa, na toa kutoka kwenye ulicho nacho. Ukijikuta unakopa ili utoe, au unamficha mwenzi wako, simama hapohapo.

Kufunga nako kulinipa somo la mwilini. Nilifunga kavu, bila maji, siku mfululizo, nikirudia kila nilipopata nafuu kidogo, ingawa nilijua kwamba nina vidonda vya tumbo tangu chuoni. Siku moja ofisini nilihisi kizunguzungu, na choo changu kilikuwa cheusi mfano wa lami. Nilidhani ni utakaso. Mwenzangu wa ofisini, ambaye ni Mwislamu na hafungi nje ya Ramadhani, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake, akisema, "Dada, huku si kufunga tena, huku ni kujiua." Daktari alieleza kwamba choo cheusi cha namna ile ni dalili ya damu kuvuja tumboni na kwamba mtu akikiona anapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kabla ya kufunga. Anaweza kufunga simu, nyama au maneno, na hakuna aliye na mamlaka ya kumwambia kwamba mfungo huo ni mdogo mbele za Mungu.

Nilipopewa likizo ya ugonjwa nilikwenda kijijini kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi ni miongoni mwa watu waliookoka katika Uamsho, ile harakati ya kiroho iliyoanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ikasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Dodoma iliwafahamu watu wake kwa karibu. Festo Kivengere wa Uganda alifundisha hapa kabla ya kuwa askofu kwao, na Yohana Omari, aliyewekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu msaidizi wa dayosisi yetu na Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kupata daraja hilo katika kanisa la Anglikana, alikuwa mtu wa Uamsho. Shangazi alikulia katika habari hizo. Katika mikutano yao watu walilia na kutetemeka kuliko tulivyotetemeka sisi. Nilikwenda nikitarajia kwamba ataniombea niwashwe moto.

Nilimkuta shambani mchana, anapanda. Ilikuwa Desemba, mbingu bluu tupu, vumbi jekundu limefika magotini. "Mbukwenyi!" aliita aliponiona, kisha akanipa kibuyu cha mbegu za uwele bila kuuliza habari za tumbo. Alikuwa akichimba kijishimo kwa pigo moja la jembe, anadondosha mbegu chache kwa vidole vitatu, anafukia kwa unyayo, anasogea. Udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba jembe liligonga kama limegonga sahani.

"Shangazi, mvua haijaja," nilimwambia.

"Najua, mwanangu. Ikija itanikuta nimeshapanda."

"Na isipokuja?"

"Basi nitakuwa nimepanda." Akasogea hatua nyingine. "Wewe ulitaka nikaisubiri nyumbani nikiwa nimeinua mikono?"

Msomaji wa huku Ugogo hahitaji kuelezwa: tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi karibu Aprili, na anayengoja ardhi ilowe ndipo aanze kutafuta mbegu hujikuta majirani wanapalilia. Mtu hupanda katika udongo mkavu kwa sababu anaijua mvua, ingawa hana namna ya kuiamuru. Nilipanda naye hadi jua likashuka, na njiani kurudi nilimwambia yote, kuanzia mama hadi laki sita.

Hakushtuka. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mshauri wangu wa mjini aliyewahi kuniuliza. Unalala saa ngapi? Unakula? Umemlilia mama yako, au uliimba tu? Watu wa kikoba wanajua ukweli? Kisha akaniambia kwamba katika Uamsho wazee walipoona mtu analia sana mkutanoni hawakumsifu wala kumkataza, walingoja Jumatatu. Kama Jumatatu alirudisha mbuzi aliyemwiba, au alikwenda kupatana na mkewe, walijua kwamba Mungu amepita. Kama hakuna kilichorudi, walisema amechoka kwa kilio, mpeni uji. "Wewe ulirudisha ada ya dada yako," alisema. "Mungu alikuwepo siku ile. Kwa nini unadhani alikuja kwa ajili ya machozi?"

Jioni alifungua Kitabu cha Sala kilichopoteza jalada, akasoma zaburi za siku hiyo, nami nikiitikia. Kwa mpangilio wa zamani wa kitabu hicho zaburi zote 150 hugawanywa asubuhi na jioni kwa siku thelathini, hivyo msomaji hachagui zinazolingana na moyo wake. Ndivyo nilivyokutana upya na Zaburi ya 13: "Hata lini utanificha uso wako?" Nilikuwa nimeimba zaburi za shangwe kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kusikia madhabahuni kwetu zaburi inayomlalamikia Mungu kwa sauti. Zaburi ya 88 ni kali zaidi. Huanza na kilio na kuishia gizani, bila mstari wa kuifariji mwishoni. Mtu aliyeiandika hakuhisi chochote isipokuwa kuachwa, na bado alikuwa akisema na Mungu, na kanisa limeitunza sala yake kama Neno la Mungu. Nilipoisoma niliona kwamba sikuwa nje ya uwanja. Nilikuwa mahali ambapo wengine waliwahi kusimama.

Padri wa kijijini, kijana mpole aliyesomea chuo cha theolojia cha Msalato, alinisikiliza siku iliyofuata na akanipa mambo mawili. La kwanza, alinisomea 1 Wafalme 19. Nilikuwa nimehubiriwa mara nyingi kuhusu upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo ya utulivu, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kinachotangulia: Eliya alikuwa ameomba afe, na Mungu hakumwambia atubu wala afunge. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. La pili lilikuwa gumu kulipokea. Alisema, kwa heshima, kwamba mtu asiyelala, asiyeonja ladha ya chakula na asiyehisi furaha wala huzuni kwa muda mrefu baada ya msiba anastahili kuonwa na daktari wa afya ya akili, na kwamba Dodoma tunayo bahati ya kuwa na hospitali ya Mirembe.

Wenyeji wanajua jina hilo linavyotumika kama tusi. "Huyo katoroka Mirembe" ni mzaha wa kila kijiwe. Nilikwenda nikiwa nimejifunika mtandio hadi puani nisije nikaonwa na mtu wa kanisani, na nikakuta benchi limejaa watu wa kawaida: mwalimu, askari, mama mwenye mtoto mgongoni. Niliambiwa nina sonona iliyochanganyika na majonzi ya msiba. Nilipewa dawa na nafasi ya kuzungumza na mshauri, na baada ya majuma kadhaa usingizi ulirudi. Dawa haikunirudishia Mungu, maana hakuwa amekwenda popote, lakini ilinirudishia mtu anayeweza kukaa kimya kwa muda bila kichwa kuzunguka. Ukame wa kiroho na ugonjwa wa sonona si kitu kimoja, na vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiona dalili zimekaa muda mrefu, na hasa ukianza kuwaza kufa, nenda hospitali, na anayekuombea akuombee ukiwa njiani.

Niliporudi mjini niliomba kupumzika kuimba mbele. Nilianza kusali asubuhi na jioni kwa kitabu, kwa muda mfupi, kabla ya kugusa simu. Naeleza namna, kwa sababu wengi huniuliza. Nakaa kwenye kiti cha plastiki jikoni, maana chumbani nasinzia. Nakaa kimya kidogo, nasoma zaburi kwa sauti hata kama hainihusu, nasoma sehemu fupi ya Injili, nawataja watu kwa majina, namalizia na Sala ya Bwana. Sijipimi baada ya kumaliza. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwani nilikuwa nimezoea kuichungulia nafsi yangu katikati ya sala kuona kama kuna kinachotokea, na mtu anayejichungulia hivyo hawezi kumsikiliza mwingine.

Adhuhuri za siku za wiki nilipopata nafasi nilishiriki Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Anglikana mjini, pamoja na wazee wachache na mlinzi mmoja wa benki. Kule hakuna aliyenitazama kuona kama ninalia. Mkate uliwekwa mkononi mwangu, nikaambiwa ni mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yangu, nikaupokea nikiwa nimehisi au sijahisi. Kwa mtu aliyechoka kujitengenezea hali ya moyo, kuna pumziko kubwa katika kupewa kitu kinacholika.

Mengine yalikuwa madogo. Niliwaambia wanakikoba ukweli, wakanikasirikia inavyostahili, wakanipangia marejesho mapya. Nilianza kwenda na mama mmoja wa jumuiya ya jirani kuwatazama wagonjwa wasio na ndugu mjini. Tunapeleka uji kwenye chupa ya chai, sabuni na nguo za kubadilisha, na tunaomba kwa kifupi kama mgonjwa anapenda. Mathayo 25 inasema wazi Bwana yuko wapi katika mambo hayo, na ni ajabu kwamba katika miaka yote ya kumtafuta sikuwa nimekwenda kutazama huko.

Kuhisi kulirudi, maana najua msomaji anataka kujua. Hakukurudi kanisani. Nilikuwa wodini nikimkata kucha bibi mmoja aliyelala kitandani muda mrefu, kucha ngumu zilizokunjamana, nikiogopa kumwumiza, naye akawa anaimba kwa chini wimbo wa Kigogo ambao mama aliuimba akitwanga. Nililia hapohapo, kwanza kwa ajili ya mama, kisha kwa sababu nilijua tena lile nililolijua kwenye ukumbi wa mihadhara. "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua," alisema Yakobo alipoamka kwenye jiwe lake. Kesho yake hali hiyo ilikuwa imekwisha. Nilisoma zaburi za siku, nikapanda daladala kwenda kazini, na sikuitafuta. Imekuja tena mara chache tangu hapo, nyakati nisizotarajia, na vipindi vikavu navyo vipo, vingine virefu.

Anayepita katika hali hii nisingemshauri ahame kanisa kwa haraka, wala aache kila kitu cha hisia kana kwamba ni uongo. Tafuta mtu mzima mmoja katika imani, asiye na semina ya kukuuzia, umweleze hata mambo ya tumbo na madeni. Samweli alipoitwa usiku hakuijua sauti ya BWANA. Alihitaji mzee Eli, ambaye hata macho yake yalikuwa yamefifia, amwambie ajibu nini. Ukiambiwa una laana au dhambi iliyofichika, uliza ni dhambi ipi. Roho anapohukumu hutaja jambo, kama alivyonitajia ada, ilhali hofu isiyo na jina huacha mtu akijikuna tu. Na kama umefiwa, jipe ruhusa ya kulia kwanza kama mfiwa kabla ya kulia kama mwabudu.

Nimerudi kwenye kikosi cha sifa, lakini siimbi kila Jumapili. Niliomba kwamba baada ya somo la Biblia tukae kimya kwa dakika mbili bila kinanda chini yake, na kwamba mara moja kwa mwezi tuimbe zaburi ya maombolezo. Mchungaji alikubali tujaribu. Mpiga kinanda hajapendezwa. Anasema kimya hicho kinawapa watu nafasi ya kuangalia simu, na kusema kweli wapo wanaoangalia. Mhazini naye anadai wageni wanadhani umeme umekatika. Suala liko kwenye kamati ya ibada, na kwa sasa tunaendelea na dakika moja.